Kongowea, Marikiti au kibanda cha mtaani: ulinganisho kwa mnunuzi wa mboga na matunda Mombasa

Kila mtu Mombasa anajua kwamba Kongowea ni rahisi. Kisichosemwa sana ni kwamba urahisi huo uko kwenye gunia, kreti na mkungu. Anayevuka daraja la Nyali kwenda kununua kilo mbili za nyanya na kabichi moja, nauli imeshamlia faida yote kabla hajafika nyumbani. Kabla ya kuuliza bei, basi, jiulize unanunua nini, kiasi gani, na kitakaa jikoni kwako siku ngapi katika joto hili kabla ya kuliwa.

Tunalinganisha sehemu tatu: soko la Kongowea, Marikiti pale Digo Road, na kibanda cha mama mboga. Wa Likoni na Mtwapa wana neno lao mwishoni.

Mzigo ni uleule, njia ndiyo mbalimbali

Viazi vya mviringo tunavyokula hapa hutoka bara, Nyandarua na Meru, zaidi ya kilomita 500 juu ya lori. Kabichi na karoti hutoka bara pia na kwenye milima ya Taita. Nyanya na vitunguu huletwa kutoka Taveta, Loitokitok na Tanzania. Ndizi nyingi ni za Taveta. Machungwa ni ya Makueni au ya Muheza, upande wa Tanga, yanayopitia mpaka wa Lunga Lunga. Malori hushusha Kongowea usiku na alfajiri, na mwenye meza Marikiti pamoja na mama mboga wa Tudor au Changamwe hujazia hapo hapo.

Kwa hivyo kabichi ya Kongowea ya saa kumi na moja alfajiri na ile ya kibandani saa tatu asubuhi zina umri mmoja. Kulifuata lori hakukupi kabichi mbichi zaidi. Unachopata ni nafasi ya kuchagua kabla mzigo haujashikwashikwa, na bei ambayo haijapita mkono wa pili.

Bidhaa za Pwani ni habari nyingine. Mchicha, mnavu, kisamvu, majani ya kunde, mabenda, mihogo, nazi, ndimu, maembe na mananasi ya Magarini huja kwa njia fupi: matatu, pikipiki, mara nyingine juu ya kichwa cha mwenye shamba. Mboga za majani haswa hazilazimiki kupitia soko kubwa. Hapo ndipo kibanda cha mtaani kinapoweza kulishinda soko la jumla bila ubishi.

Kongowea: nenda alfajiri, nenda na mwenzio

Biashara ya jumla hupamba moto tangu saa kumi alfajiri. Ikifika saa mbili asubuhi wanunuzi wakubwa wameshaondoka, na wauzaji wanafungua magunia na kugawa kwa debe, gorogoro (mkebe wa kupimia) na mafungu. Ukifika saa tano unanunua rejareja kama kwengine, na tofauti ya bei imebaki ndogo.

Anayetoka kisiwani huenda kinyume na foleni ya asubuhi, lakini kurudi ndiyo shughuli: magari yote ya Nyali, Kisauni na Bamburi yanaingia mjini wakati huo huo. Maliza na uvuke kabla ya saa kumi na mbili unusu, au ukubali kukaa na mboga zako darajani.

Piga hesabu kabla ya kutoka. Tuseme, kwa mfano tu, vitunguu ni shilingi 80 kwa kilo Kongowea na 120 mtaani kwako, na tuktuk kwenda na kurudi ni 400. Faida yako ni 40 kwa kilo, kwa hivyo kilo 10 za kwanza zinalipa tuktuk peke yake. Ndiyo maana tunasema nenda na mwenzio. Jirani watatu wakigawana gunia la viazi, neti ya vitunguu na kreti ya nyanya, safari inalipa. Mtu mmoja mwenye familia ya watu wanne atalipwa na viazi, vitunguu, nazi na ndizi mbichi, nyanya zitamwozea.

Vipimo ndivyo vinavyowaumiza wageni wa soko. Gunia la viazi kisheria ni kilo 50, tangu kanuni za mwaka 2019, lakini lumbesa, gunia lililoongezwa shingo ya neti ya kushonea, bado huonekana. Lumbesa humpunja mkulima. Mnunuzi wa jumla huifurahia hadi anapogundua kwamba hamali anatoza zaidi kuibeba na viazi vya katikati vimepondeka kwa uzito. Kreti ya nyanya haina ukubwa mmoja. Mbao huongezwa urefu au hupunguzwa, hivyo "kreti elfu ngapi?" ni swali lisilo na jibu mpaka uione yenyewe. Gorogoro nalo litazame chini: kitako kilichobonyezwa kwa ndani hula konzi nzima ya maharagwe. Penye mizani, angalia ikisoma sufuri kabla ya kuwekewa kitu, na uiangalie kama ina muhuri wa wakaguzi wa vipimo.

Kreti yenyewe hukaguliwa hivi. Wauzaji hupanga juu nyanya kubwa zilizosimama vizuri, na chini zinakaa ndogo na zilizogandamizwa. Pitisha kidole kati ya mbao za chini, kwenye pembe. Kikirudi na maji, tabaka la chini limeshapasuka, na maji hayo yataozesha zilizo juu yake ndani ya siku moja au mbili. Halafu sema bila ukali: "Ami, nimwagie nizione za chini." Wengi watakataa kumwaga kreti nzima, na wana haki yao, kwa sababu kila kumwaga ni kuponda. Kubalianeni basi kwamba mnagawana pale pale sokoni na zilizopasuka zinarudi kabla pesa hazijatoka. Baada ya M-Pesa kuingia hakuna mazungumzo.

Mkokoteni na hamali wana bei zao. Ulizia kabla mzigo haujainuliwa, na useme unakwenda mpaka wapi, kwa sababu kutoka kwenye meza mpaka barabarani ni bei moja na kutoka barabarani mpaka tuktuk inaweza kuwa nyingine. Ukinunua magunia, muulize muuzaji kama ushuru wa kaunti umelipwa na risiti iko wapi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na msimu wa masika vaa mabuti, maana tope la hapo lina majani yaliyooza ndani yake. Chukua vikapu au viroba vyako, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Marikiti: kwa anayechagua moja moja

Jengo la Marikiti ni la mwaka 1914, na kwenye maandishi ya zamani utalikuta kwa jina la MacKinnon. Liko ukingoni mwa Mji wa Kale, linafikika kwa miguu kutoka sehemu nyingi za kisiwa, na paa lake ni neema kwa mboga kuanzia saa nne, jua linapokuwa kali.

Bei ni ya juu kuliko Kongowea, na kwa mtu mwenye sura ya mgeni hupanda tena kidogo. Unacholipia ni uchaguzi. Hapa unaweza kununua embe tatu za leo, mbili za kesho kutwa na moja la Ijumaa, muuzaji akakubonyezea kila moja. Ndimu, pilipili mbuzi, tangawizi mbichi, kitunguu thomu, kotmiri, mbirimbi na embe mbichi za achari hupatikana kwa kiasi kidogo bila kununiwa. Shokishoki, mastafeli na matufaha ya msimu pia hutafutwa hapa kwanza.

Sababu kubwa ya kwenda Marikiti, hata hivyo, ni viungo. Nunua vizima na usage nyumbani: unga ndio unaochanganywa, na manjano ya unga ndiyo huchezewa zaidi kwa sababu rangi huficha mengi. Karafuu nzuri ikibanwa kwa ukucha hutoa mafuta, na ikitiwa majini huzama au husimama wima. Iliyolala juu ya maji imeshakamuliwa au imezeeka. Iliki ichague ya kijani iliyofunga, upasue moja: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata, zisiwe kahawia kavu. Mdalasini wa magome mazito magumu hufaa pilau, na ule mwembamba wenye tabaka nyingi kama karatasi ni wa chai na una bei yake. Robo kilo ya kila kimoja ni nyingi kwa nyumba. Unyevu wa Mombasa hauviachii viungo harufu miezi mingi hata ndani ya chupa.

Kupunguziwa bei hapa ni kugumu, kupata nyongeza ni rahisi. "Mamangu, nitilie na nyongeza" hukuletea ndimu mbili au shada la kotmiri, na wote mnaachana vizuri. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, wengi hufunga kwenda msikitini, kwa hiyo panga safari kabla au baada.

Kibanda cha mtaani

Kwa mboga za majani tunakipa kibanda nafasi ya kwanza, na hatuoni hata pa kubishana. Mchicha uliong'olewa alfajiri kwenye mashamba madogo ya pembezoni ukifika kibandani saa moja asubuhi na kupikwa mchana haujapita sokoni kuwekwa chini na kunyunyiziwa maji mara nne. Mama mboga akikujua atakukatia sukuma wiki, atakuuzia nyanya tatu na nusu kabichi, na mwisho wa mwezi atakusubiri. Hesabu ya kilo kwa kilo anauza ghali. Hesabu ya kilichooza anauza rahisi, kwa sababu hakikuozei wewe, kinamwozea yeye.

Udhaifu wake ni mchana. Kibanda kisicho na kivuli cha kutosha saa tisa kina mchicha uliolala na nyanya zenye joto ndani, na nyanya iliyopata joto hivyo haifiki kesho jioni. Nunua asubuhi, au saa kumi na moja jioni vibanda vingine vinapopata mzigo wa pili.

Bidhaa kwa bidhaa

*Nyanya.* Kwa kula ndani ya siku mbili, kibandani. Kwa sherehe au kugawana, Kongowea, na uchague zilizoanza kupata wekundu, zilizo imara. Usiziweke ambazo hazijaiva ndani ya friji: friji ya nyumbani iko karibu nyuzi 4, na nyanya iliyokaa chini ya nyuzi 10 hivi huacha kuiva vizuri, ikabaki na ladha ya maji. Zitandaze tabaka moja, kikonyo chini, mahali penye upepo.

*Viazi na vitunguu.* Kongowea, bila shaka, mkiwa wa kugawana. Viazi vingi ni aina ya Shangi, huiva haraka lakini huchipua mapema pia, na joto letu huongeza kasi. Usinunue zaidi ya mtakachokula ndani ya wiki mbili tatu. Vyenye ganda la kijani viache, vimepigwa na mwanga, na uchungu wake ni sumu. Vitunguu vibonyeze shingoni: shingo laini ni ya kitunguu kilichovunwa kabla ya kukauka, na kimoja kama hicho huharibu neti nzima. Viazi na vitunguu visikae pamoja. Viazi hutoa unyevu, vitunguu huoza. Neti iitundike.

*Nazi.* Soko lolote, tofauti iko mkononi mwako. Itikise sikioni: maji yalie wazi. Isiyolia imepasuka au imekauka, na ndani utakuta harufu ya mafuta yaliyochacha. Tazama macho matatu. Ukungu wa buluu au unyevu hapo ni dalili ya kuoza. Iwe nzito kwa umbo lake. Ukitaka za kuweka zaidi ya wiki mbili, nunua zenye makumbi ufue mwenyewe, kwa kuwa nazi iliyofuliwa na kutolewa nyuzi zote, hata zile za kwenye macho, huharibika mapema. Kongowea nazi huuzwa kwa mamia na hapo ndipo bei huporomoka. Wapishi wa harusi hawaendi kwengine.

*Maembe.* Msimu mkubwa wa Pwani ni Novemba hadi Februari hivi, na wakati huo Marikiti kwa kula, Kongowea kwa achari na sharubati. Ngowe ni refu, halina nyuzi, tamu. Apple ni la mviringo na huvumilia safari. Boribo lina harufu kali na wapenzi wake hawabadilishwi. Dodo lina nyuzi zaidi na bei ndogo. Nusa penye kikonyo. Embe la manjano sawasawa kote, lisilo na harufu hapo, na nyama yake karibu na kokwa ni nyeupe na ngumu, limeivishwa kwa kabaidi, kemikali ya kuivishia matunda, kabla ya wakati. Kasoro nyingine ni nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003: tafuta kitobo cheusi kidogo kama cha sindano, na ngozi iliyokizunguka ikiwa laini yenye maji, ndani kuna funza hata kama upande wa pili ni mzuri. Muuzaji hatakugeuzia upande huo, ligeuze wewe.

*Machungwa.* Usiyakimbie ya kijani. Huku chini usiku haupati baridi ya kuivunja rangi ya kijani ya ganda, na chungwa huiva likiwa vile vile. Chagua zito, ganda jembamba na laini. La manjano kavu lililo jepesi limekaa sana.

*Nanasi* haliongezi utamu baada ya kukatwa, hulainika tu. Linuse kitakoni, kama halina harufu leo, kesho halitakuwa nayo.

*Kabichi.* Iliyoshafunuliwa majani yote ya nje, ikabaki nyeupe, imeshaonekana mara nyingi mezani. Nunua yenye jani moja la kijani.

*Mchicha na wenzake.* Fungua kamba ya shada. Katikati ndipo panapooza kwanza, kwa maji ya kunyunyizia. Wenye mizizi hukaa zaidi kuliko uliokatwa. Majani ya mboga zilizolimwa karibu na mitaro yaoshwe kwa maji yanayotiririka na yapikwe, yasiliwe mabichi kwenye kachumbari.

*Ndizi.* Mkungu mzima Kongowea huwa na maana kwa anayepika. Wa kula ndizi tatu kwa siku anunue chane moja Marikiti, kwa sababu chane za mkungu mmoja huiva karibu pamoja na nyumba nzima hulazimika kula ndizi kwa wiki.

Likoni, Mtwapa, na nyakati zinazobadilisha kila kitu

Anayekaa Likoni hana haja ya Kongowea ila kwa viazi na vitunguu vya jumla. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, lakini kuingia na kiroba cha kilo 30 kwenye umati wa saa kumi na mbili jioni ni adhabu. Machungwa, mihogo, nazi na maembe ya Kwale humfikia kabla hayajavuka, na mara nyingi kwa bei nzuri kuliko kisiwani. Mtwapa na Shanzu nao wako kwenye njia ya mzigo wa Kilifi. Mananasi, nazi na mboga za kienyeji wazinunue kwao, wateremke Kongowea mara moja kwa wiki mbili.

Masika, kati ya Aprili na Juni mwanzoni, malori huchelewa, nyanya zinafika zimelowa na bei hupanda ghafla. Wiki hizo nunua kidogo kidogo kibandani, hata kama umezoea kreti. Mchicha, kinyume chake, humwagika.

Ramadhani huhamisha saa za soko. Ndimu, matikiti, mihogo, viazi, mbaazi na nazi hutafutwa na mji mzima kwa pamoja baada ya Alasiri, na Marikiti saa kumi jioni hapapitiki. Wenye kupanga huenda Kongowea wiki moja kabla ya mwezi kuandama, wakanunua nazi zenye makumbi, mbaazi kavu na viungo vizima, halafu wakabakisha ndimu na matunda ya kununuliwa asubuhi, bei ikiwa bado haijaamka.